Namba ya Tarakimu Kumi

Mwaka ule nilikuwa nafundisha hesabu Ruangwa siku tano za wiki, na Jumamosi asubuhi nafundisha tena watu wazima waliokuwa wanarudia mtihani wa kidato cha nne. Ikifika saa saba mchana wa Jumamosi nafuta ubao, napanda gari la kwenda Nachingwea, na huko namkuta mama yangu amelalia ubavu mmoja. Nyonga yake ilivunjika alipoteleza bafuni, na mfupa wa mtu wa umri wake haukutaka kuunga. Wifi yangu alimwangalia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi nilikuwa wa Jumamosi na Jumapili: kumgeuza, kumwogesha, kufua mashuka, kumbembeleza ale uji. Jumapili jioni narudi Ruangwa, na Jumatatu saa moja na nusu niko mbele ya kidato cha pili.

Darasa la Jumamosi nililikubali kwa sababu mkuu wangu aliniomba nami sikujua kukataa. Walikuwa watu kumi na mmoja. Tulikuwa tunatumia chumba cha shule ya msingi, kwa hiyo madawati yalikuwa ya watoto, na watu wazima wale walikaa magoti yakiwa juu kama wanaota moto. Kulikuwa na dereva wa bodaboda, mlinzi wa geti katika kambi ya wachimba madini, wasichana wawili wa saluni, na wengine ambao sura zao zimenitoka. Na kulikuwa na yule dada.

Namwita dada kwa sababu ndivyo nilivyokuwa namwita. Alinizidi miaka miwili mitatu. Alikuwa mkulima wa ufuta na korosho katika kijiji kilicho nje kidogo ya Ruangwa, upande wa kwenda Nachingwea, mwembamba, mwenye mikono mikavu iliyopasuka kwenye vidole. Alimaliza kidato cha nne zamani sana na kupata sifuri. Sasa kijijini kwao walikuwa wanatafutwa wahudumu wa afya wa kutembelea kaya, na sharti lilikuwa cheti chenye kufaulu masomo manne. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, akiwa amesimama wima, kana kwamba anajieleza mbele ya baraza.

Ukweli ni kwamba alinichosha. Wenzake walinakili kanuni na kuendelea, lakini yeye alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini?"

Niliwafundisha kwamba ukijumlisha tarakimu za namba, na jumla ikagawanyika kwa tatu, basi namba yenyewe nayo inagawanyika kwa tatu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akashusha mkono, akaandika kitu kwenye daftari lake lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Nina hakika hakuandika "ndivyo ilivyo".

Kuna Ijumaa moja mwezi wa tano wifi alipiga simu kusema mama amekataa kula tangu jana yake. Nikaenda Nachingwea jioni ile ile, na asubuhi na mapema nikarudi kwa ajili ya darasa. Njiani walikuwa wanatengeneza barabara, gari likapita pembeni kwenye vumbi, na nilipofika darasani nywele zilikuwa nyekundu na sikuwa nimeandaa chochote. Nilisimama mbele yao na kichwa kitupu kabisa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka namba ile. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja aliwahi kuandika ubaoni namba ya tarakimu kumi na kutuambia ni ya ajabu. Ina tarakimu zote kuanzia sifuri hadi tisa, kila moja mara moja tu. Ukichukua tarakimu mbili za mwanzo, unapata namba inayogawanyika kwa mbili. Ukichukua tatu za mwanzo, inagawanyika kwa tatu. Nne za mwanzo, kwa nne. Unaendelea hivyo bila baki hata mara moja hadi unafika kumi. Na alituambia katika namba zote za aina hiyo ipo moja tu. Niliikariri kwa sababu nilikuwa kijana na nilipenda kukariri vitu. Tangu siku ile sikuwahi kujiuliza mtu anaipataje.

Niliandika masharti ubaoni bila kuandika namba yenyewe.

"Itafuteni," nikasema. "Kimya kimya. Mtu asiongee."

Kisha nikakaa, nikaweka kichwa juu ya meza, nikalala. Sikukusudia kuwafundisha chochote. Nilitaka kunyamaziwa tu.

Nilipoamka dereva wa bodaboda alikuwa ameshaondoka, wasichana wa saluni walikuwa wanasukana, na mlinzi alikuwa anasoma gazeti. Yule dada alikuwa ameinama, anaandika. Niliwaambia tumemaliza. Aliendelea kuandika hata nilipokuwa nafunga madirisha.

Jumamosi iliyofuata, kabla sijaanza, alikuja mezani akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ndani yake kulikuwa na namba moja kwa peni ya bluu: 3816547290.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Niliitambua papo hapo. Na badala ya kufurahi, nilihisi kama mtu anayekaribia kuibiwa.

"Nani kakupa?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyenipa, Mwalimu. Nimeitafuta."

"Dada, hii namba iko mtandaoni. Mtu akiwa na simu anaitoa kwa dakika moja."

"Sikutumia simu."

"Tarakimu kumi zinaweza kupangwa kwa njia zaidi ya milioni tatu na laki sita. Umezipima zote?"

Darasa likacheka. Wasichana wa saluni ndio walioanza.

"Hapana," akasema. "Si zote, lakini—"

"Basi. Kakae. Tunaendelea na milinganyo."

Alikunja karatasi yake akarudi kwenye dawati. Nilifundisha milinganyo kwa saa nzima nikiwa nimeukwepa uso wake. Tulipopumzika kunywa chai alichukua daftari na mwavuli akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, na ile nyingine pia hakuja.

Ningelisahau jambo lile. Nilikuwa nasahau mambo mengi mwaka ule. Nilisahau hata siku ya harusi ya mtoto wa kaka yangu. Lakini baada ya kipindi cha wiki ya pili yule mlinzi alibaki nyuma, akawa anapangusa kofia yake kwa kiwiko.

"Mwalimu, samahani. Yule mama ana kitochi tu, simu ya vitufe isiyoingia mtandaoni. Namjua, tunakaa kijiji kimoja. Hata hiyo simu yenyewe ukitaka kumpata lazima awe amekaa dirishani kwake ndipo inashika."

Nilipanda gari la Nachingwea.

Jumapili ile baada ya kumwogesha mama, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake nikachukua kalamu. Nilitaka kuthibitisha kwamba haiwezekani, mtu wa kawaida hawezi, ili roho yangu itulie.

Nilianza na tarakimu ya kumi. Namba nzima lazima igawanyike kwa kumi, kwa hiyo mwisho ni sifuri. Kisha ya tano. Tano za mwanzo zigawanyike kwa tano, na sifuri imeshatumika, kwa hiyo katikati pale lazima iwe tano. Nilishtuka kidogo. Nafasi mbili zilikuwa zimejaa nami sijafanya kazi yoyote.

"Unamwandikia nani?" mama akauliza kwa Kimwera. Kiswahili kilikuwa kimeanza kumtoka.

"Simwandikii mtu, mama. Nahesabu."

"Tembo wameondoka?"

Alikulia Kilimarondo, na siku zile akili yake ilikuwa inarudi huko, kwenye mashamba ya utotoni ambako walikuwa wanapiga madebe kufukuza wanyama.

"Wameondoka, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akatulia. Nikarudi kwenye karatasi. Nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane lazima ziwe shufwa, maana zinamalizia namba zinazogawanyika kwa mbili. Shufwa zilizobaki ni nne tu: mbili, nne, sita na nane. Kwa hiyo witiri zote zinakwenda kwenye nafasi nyingine. Hapo mama alihitaji kugeuzwa, kisha nikapika, kisha gari la mwisho likawa linaondoka. Nilimaliza Jumapili ya pili. Masharti ya nne na ya nane yalinionyesha kwamba nafasi ya nne na ya nane haziwezi kuwa na nne wala nane, ni mbili au sita tu. Kisha ile kanuni ya tatu, ile niliyosema ndivyo ilivyo, ikakata karibu kila kitu kilichosalia.

Zikabaki namba kumi. Milioni tatu na laki sita zilikwisha mkononi mwangu kwa hoja tupu, zikabaki kumi tu, na zote zilikuwa zinasubiri kugawanywa kwa saba. Nikazigawa moja moja. Tisa zikatoa baki. Moja haikutoa.

Nilikaa na kalamu mkononi. Sikufurahi. Mimi nimesomea hesabu, nimeifundisha zaidi ya miaka kumi na mitano, na namba ile nilikuwa naijua kwa kuambiwa.

Jumamosi iliyofuata baada ya darasa nilimwomba yule mlinzi anielekeze. Nilishuka njiani kabla ya kufika Nachingwea, nikatembea kwenye njia ya miguu kati ya mikorosho, viatu vya darasani vikijaa mchanga. Ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta. Nilimkuta na binti yake mkubwa wametandika turubai chini, wanachukua mafungu ya ufuta yaliyokauka, wanayapindua kichwa chini na kuyakung'uta kwa fimbo. Mbegu zilikuwa zinamiminika kama mvua ndogo. Aliponiona aliweka fungu chini taratibu lisimwagike.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante, dada. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa."

Binti alileta kiti cha plastiki, kisha akarudi kwenye turubai. Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na sasa sikuyaona.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Ile namba uliipata mwenyewe. Nilikusingizia mbele ya watu."

Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Umejuaje?"

"Nimeitafuta mwenyewe. Imenichukua Jumapili mbili."

"Mimi wiki moja," akasema, na hapo akatabasamu kidogo. "Lakini nilikuwa natafuta huku nalinda ufuta usiliwe na mbuzi wa watu, kwa hiyo muda nilikuwa nao."

Alikwenda ndani akarudi na daftari. Kwenye kurasa za mwisho alikuwa ameandika kila kitu. Alianza na tano, kama mimi. Hakuwa na maneno ya kitabuni. Aliandika "hapa haikai" na "hapa inakaa". Chini kabisa zilikuwa namba kumi zilizopangwa kwa mstari, na mbele ya kila moja mgawanyo mrefu wa saba, umeandikwa, umekatwa, umeandikwa tena.

"Saba ndiyo ilinitesa," akasema. "Zile nyingine zote zina njia ya mkato. Saba haina. Au ipo?"

"Ipo, ila ni ndefu kuliko kugawanya."

"Basi afadhali."

Nilikuta pia, pembeni ya ukurasa, namba ndogo ndogo: mia, elfu, na jinsi kila moja inavyozidi namba inayogawanyika kwa tatu kwa moja tu. Alikuwa amejijibu lile swali lake la "kwa nini". Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kilichobaki ni tarakimu zenyewe. Nilisoma, nikafunga daftari, nikamrudishia.

"Nilitaka kukwambia siku ile kwamba sikuzipima zote kwa sababu haikuhitajika," akasema. "Ukanikatiza."

"Nilikuwa nimechoka, dada. Sio sababu, lakini nilikuwa nimechoka."

"Nilikuona ulivyolala juu ya meza. Nilijua una mgonjwa."

"Nani alikwambia?"

"Mtu asiye na mgonjwa halali vile."

Binti alikuwa anakung'uta, anakung'uta.

"Ulikasirika, ndiyo maana hukurudi," nikasema.

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini na ufuta nao ulikuwa umekauka, ukichelewa unapasukia shambani. Usijibebeshe yote, Mwalimu." Akachukua fimbo yake, kisha akaiweka tena. "Nilitaka kukuuliza kitu. Hii namba ni ya kufanyia nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu zuri, kitu cha kumrudisha darasani.

"Haifanyi kazi yoyote," nikasema. "Ipo tu."

Alicheka mpaka binti akageuka. "Nilidhani hivyo. Kila nilicho nacho hapa kina kazi. Hata huyu kuku ana kazi. Nilipokuwa naitafuta nilikuwa najisemea, nikiipata nitakuwa na kitu cha bure bure tu, changu."

Nikavua viatu, nikamsaidia kushika mafungu mpaka jua lilipoanza kushuka. Sikuwa nimefanya kazi ya ufuta tangu nikiwa msichana, na mgongo ulinikumbusha. Nilipofika Nachingwea wifi alikuwa amenuna kwa kuchelewa kwangu, na alikuwa na haki ya kununa.

Yule dada alirudi darasani wiki tatu baadaye, ufuta ulipokwisha. Mbele ya wote nilisema kwamba namba ile aliipata mwenyewe na kwamba mimi nilikosea. Wasichana wa saluni walipiga makofi. Mlinzi akasema, "Si nilisema?" ingawa hakuwa amewaambia wao. Nilimwomba dada aje ubaoni aonyeshe. Alikataa mara mbili, ya tatu akaja, akashika chaki kama anashika sindano, akaanza na ile tano ya katikati. Alipofika kwenye zile namba kumi, dereva wa bodaboda, ambaye kwa kawaida alikuwa anaondoka kabla ya wakati, aliuliza, "Kwa hiyo ni moja tu duniani kote?" Akamjibu, "Moja tu. Nyingine tisa nimezigawa mwenyewe, zimekataa." Aliiamini kwa sababu alikuwa amezigawa. Mimi kwa miaka yote ile niliiamini kwa sababu mtu mwenye cheo aliandika ubaoni.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo. Korosho zilianza kudondoka, dada akakosa Jumamosi nyingi. Naye mama alipata vidonda vya kulala, nikakosa Jumamosi mbili au tatu, na mara moja nilimtuma mwalimu kijana aliyewafundisha vitu ambavyo tayari walikuwa wamesoma. Mtihani ukaja mwezi wa kumi na moja. Matokeo yalipotoka alinipigia simu. Nilisikia upepo, nikajua amekaa dirishani.

"Nimepata C ya hesabu," akasema.

"Dada! Hongera sana. Na mengine?"

"Mengine yamenikataa. Kiingereza F. Historia F. Baiolojia nimepata D. Masomo manne hayakutimia."

Nilimwambia anaweza kurudia yale yaliyomshinda tu. Nikamwambia nitamtafutia mtu wa Kiingereza. Nilisikia sauti yangu ikisema yale ambayo walimu husema, na nikasikia jinsi ilivyokuwa haina nguvu.

"Hapana, Mwalimu. Nimechoka. Na ile nafasi ya afya wameshampa binti wa jirani, na anaifanya vizuri, amekuja kunipima presha juzi. Lakini C si mbaya, eti?"

"Si mbaya hata kidogo. Katika darasa lile ni wewe peke yako."

"Basi."

Mama alifariki masika yaliyofuata, saa nne asubuhi, wifi akiwa anamnywesha maji. Mimi nilikuwa Ruangwa darasani na ilibidi niitwe. Alizikwa Nachingwea siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Siku ya pili ya matanga, wakati wanawake wamejaa uani na mimi nimekaa kwenye mkeka sijui nani anaingia na nani anatoka, nilimwona yule dada amefika na unga kwenye ndoo, kanga mbili, na miguu mitupu iliyojaa tope la njiani. Alinipa mkono, akasema pole, akakaa kidogo kwa heshima. Kisha akaondoka kwenda nyuma ya nyumba.

Nilimkuta huko baadaye. Amejifunga kanga kiunoni, anasugua sufuria kubwa la pilau kwa mchanga na majani makavu, kichwa kimezama ndani mpaka mabegani. Wifi alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kigoda, amefumba macho. Wakati ule wote sikuwa nimewahi kumwona wifi akiwa amekaa tu bila kushika kitu.

"Dada, acha," nikasema. "Wewe ni mgeni, umetoka mbali."

Alitoa kichwa kwenye sufuria. Uso ulikuwa na masizi upande mmoja.

"Nina siku moja tu, Mwalimu, kesho napalilia," akasema. "Hebu niletee maji."

Nikaenda kumchotea maji.